Mabano ya Kijazapengo

Kijazapengo kilipitisha mwali wa buluu juu ya jiwe lililovunjika, na herufi zilizopotea kwa miaka elfu mbili zikaota upya, za nuru, mahali pasipokuwa na kitu. Profesa Mwanakombo Shali, aliyezichunguza nadhiri za Wasaba wa Arabuni ya kusini kwa miaka thelathini katika Maktaba ya Mawe mjini Tanga, alisoma kwa sauti:

"Mwanamke huyu amemtolea mungu Almaqah sanamu ya shaba, kwa kuwa [amemrudishia mwanawe salama]."

Maneno ya mwisho yalikuwa ndani ya mabano. Ndiyo adabu ya kazi hiyo: lisilosemwa na jiwe hufungwa humo.

"Uhakika asilimia tisini na sita," alisema Nasoro, fundi wa mtambo. "Unataka nini tena, Profesa? Kikutajie na jina la mtoto?"

"Kimejifunza wapi kurudisha watoto?"

"Kwenye mawe mengine elfu sita."

"Ya waliojibiwa. Ambaye mwanawe hakurudi, bwana Nasoro, alichonga jiwe la kushukuru nini?"

Nasoro akacheka. "Basi zikatae na barua za mwanao Faraji. Mionzi inazitafuna njiani kutoka Zohali; unadhani nani anazijaza? Kijazapengo hikihiki."

Mwanakombo hakuwa akilijua hilo. Mwanawe wa pekee alikuwa angani mwaka wa saba, na kila mwezi barua ilifika nzima, yenye heshima kuliko mwandishi wake, ikiishia: niko salama, Mama. Heshima hiyo aliidhania utu uzima.

"Mabano yake yako wapi?"

"Idara ya Safari iliyaondoa. Wazazi walilalamika."

"Yarudishe."

"Mama Faraji, achana nayo."

"Yarudishe, nimesema."

Nasoro alibonyeza, akatazama pembeni. Mabano yakameza kurasa zote mbili za barua ya mwezi ule, pamoja na neno salama. Nje ilibaki sentensi moja: Kile kisamvu cha kuniaga kilizidi chumvi.

Hakuna mtambo ambao ungeweza kukisia hilo.

Mwanakombo aliinakili sentensi hiyo kwa penseli. Kisha, kama afanyavyo kwa mawe, akaweka nukta moja kwa kila herufi iliyopotea, bila kujaza hata moja. Kazi hiyo ilimchukua hadi alasiri.