Plagi Sita Zisizo na Alama

Plagi ya kwanza ilitoka kwenye injini saa mbili na robo asubuhi, Jumatano, na Mwanvua alipoiona tu damu ilimpanda kichwani.

"Hii si yangu," alisema.

Sajenti Dismasi aliacha kuandika. "Si yako kivipi?"

"Afande, mwaka wa kumi na moja huu nauza spea pale Mwanga. Kila plagi inayotoka dukani kwangu naikwaruza herufi M kwa msumari, hapa ubavuni, maana kuna watu wananunua nzima wanarudisha mbovu. Jumatatu saa nne nilimuuzia fundi Selestini sita. Haya, nitafutie M hapo."

Dismasi aliigeuza mara mbili, tatu. Hakukuwa na M. Pua nyeupe ya plagi ilikuwa imetoka malengelenge na ncha yake ya chuma imeungua ikapauka. Fundi wa zamu akafungua tano zilizobaki. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa teksi ya Abdul, Mark II nyeupe, ile aliyoifunga turbo ikawa inafika Kasulu kabla watu hawajamaliza kuagana. Sasa lilikuwa limevutwa kwa kamba hadi gereji ya Buzebazeba, pistoni imetoboka. Jana yake, Jumanne, saa tano na dakika hamsini, lilizima mlimani kupita Kidahwe, na ndani yake alikuwamo Hasna, mke wa Iddi, ameshikwa na uchungu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji Kasulu, na daktari yule yule alikuwa akimsubiri. Walikaa kando ya barabara saa nzima na nusu mpaka lori la mkaa lilipotokea. Hasna alipona. Mtoto, wa kike, hakupona.

Aliyelaumiwa alikuwa ameketi juu ya tairi, pingu mikononi, shavu limevimba. Selestini, fundi kutoka Burundi, alivuka ziwa mwezi wa nne mwaka huo wa 2015, wiki moja baada ya kaka yake kupigwa risasi mlangoni. Asubuhi hiyo alimsogelea Iddi akamwambia, "Ihangane," pole ile ya msibani ambayo kila mtu pale huisema na kuambiwa. Iddi akamzaba kibao. Na watu wakashangilia, "Arudishwe kwao!" Watu wazima, waliokula na kushiba, wakashangilia.

"Saa sita kamili nampeleka kituoni," alisema Dismasi. "Kesi ya kuua. Na akitoka huko, anarudishwa ng'ambo."

"Ng'ambo waliko waliomuua kaka yake?"

"Sheria si yangu, dada Mwanvua."

"Basi nipe mpaka hiyo saa sita. Na macho uyafungue."

Fundi Wilfred, mkuu wa gereji, alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa mtu wa Katonga, mvuvi wa zamani, na kofia yake ya siku zote ilikuwa na ndoano ya kuvulia samaki wa mgebuka iliyochomekwa ukingoni. "Sasa kuna cha kutafuta hapo?" alisema. "Mkimbizi kauza plagi nzuri, kafunga takataka. Mimi nilisema tangu siku ya kwanza, mkaniona mbaya."

Mwanvua alimpa mgongo. Alimgeukia Selestini.

"Kwa nini ulikuja kwangu ukataka plagi baridi?"

"Kwa sababu ya turbo, mama," alijibu polepole. "Turbo inasukuma hewa nyingi, moto unakuwa mkali sana. Plagi ya kawaida haipoi. Inabaki nyekundu kama kaa, inawasha petroli kabla ya wakati, pistoni inatoboka. Baridi ina pua fupi, inapoa haraka."

"Na mwanya wa cheche?"

"Mdogo. Ukiwa mpana, upepo wa turbo unazima cheche. Nilipima nukta sita ya milimita na vile vyuma vyembamba ulivyoniuzia. Zote zilikuwa na M, mama. Nakuapia."

"Kuapa kila mtu anaapa," alisema Wilfred, na wawili watatu wakacheka.

Mwanvua alimshika Abdul, mwenye gari, kwa ukosi wa shati. "Wewe! Umeziuza plagi zangu?"

"Dada, haki ya Mungu! Niuze plagi niue gari langu mwenyewe?"

"Petroli ulinunua wapi?"

Abdul aliangalia chini. "Katonga. Kwenye dumu. Kwa watu wa maboti."

Umati ukaguna, na Dismasi akapata jina jipya la kuandika. Lakini Mwanvua alikuwa ameshainusa ile plagi na kuipitishia kidole. "Petroli iliyochanganywa oili ya boti ingeacha ncha nyeusi, inateleza. Hii ni nyeupe, kavu. Petroli haina kosa, mwenye kosa ni aliyefunga. Abdul, nieleze Jumatatu ulikwenda wapi."

"Selestini alimaliza saa nane. Saa tisa nikapakia abiria wa Kasulu, nikarudi saa mbili usiku. Mlima ule ule! Gari lilivuta mpaka abiria wakaniomba nipunguze mwendo."

"Umesikia, afande? Plagi hizi mbovu zisingevuka mlima ule Jumatatu. Basi Jumatatu zilikuwamo zangu. Likalala wapi?"

"Kwangu, ndani ya geti. Jumanne saa moja asubuhi nikalileta hapa wabadilishe oili, nikaenda kunywa chai. Nilirudi saa tano, Iddi alipokuja anakimbia, mkewe nyuma kwenye bajaji."

"Selestini, Jumanne saa moja ulikuwa wapi?"

"Uwanja wa mpira, mama. Kule wanakowaweka wanaoshuka melini. Natafuta jina la mama yangu kwenye orodha."

"Ulilipata?"

"Bado."

Dismasi alipiga simu uwanjani. Aliongea kidogo, akasikiliza sana, akakata. "Daftari la getini limemwandika. Kaingia saa kumi na mbili na nusu, katoka saa sita na robo." Ilikuwa saa nne na nusu sasa, na kwa mara ya kwanza sajenti alionekana hana haraka ya kwenda popote. "Kwa hiyo hapa asubuhi alikuwepo nani?"

"Mimi nilikuwepo," alisema Wilfred, hata hakubabaika. "Na fundi wa oili, na waosha magari, na wapita njia. Utatufunga sote?"

Iddi, aliyekuwa amekaa pembeni, macho mekundu, alinyanyua kichwa. "Mwacheni mzee Wilfred. Jana hapa ndiye aliyenisaidia kumpakia mke wangu. Alimshika mkono, akafunga mlango, akatuambia mwende salama."

Mwanvua aliutazama mlango wa gari, akamtazama Wilfred. Kisha akakusanya zile plagi sita akazipanga juu ya boneti, akachukua vyuma vya kupimia vya Selestini. Cha nukta sita kilipita ovyo, hakikugusa popote. Cha nukta nane, vile vile. Alipofika cha milimita moja, kikakaa sawasawa. Plagi zote sita, mwanya mmoja.

Alifungua pakiti mpya kutoka kwenye mkoba wake. "Fundi Wilfred, wewe ni mkubwa hapa. Hebu nitengenezee mwanya wa hii, nione mkono wa mwenyeji."

"Lete." Alisimama, akatia kifua mbele. "Ufundi si hivyo vikaratasi vya chuma vya huyu. Mimi miaka ishirini sijawahi kupima kwa karatasi." Akavuta kofia, akachomoa ndoano, akapitisha shina lake kwenye mwanya wa plagi, akagonga, akapitisha tena. "Haya. Chukua."

Mwanvua aliipokea ndoano, si plagi. Akaipitisha kwenye plagi ya kwanza iliyoungua, ya pili, mpaka ya sita. Shina lilikaa katika kila moja bila kubana wala kulegea. Hakuna aliyecheka tena.

"Ndoano wanazo wengi," alisema Wilfred, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Afande, sanduku lake la spana," alisema Mwanvua. "Fundi hatupi plagi nzima. Roho haimruhusu."

Zilikuwa kwenye kopo la grisi, chini kabisa, zimefungwa kitambaa. Dismasi alizifuta moja moja. M. M. M. Hakuhitaji kufika ya sita.

"Nilitaka lizime tu!" Wilfred alipiga kelele. "Lizime mlimani, Abdul atukane, watu wamcheke huyu fundi wenu! Miaka ishirini nafungua boneti za mji huu, anakuja mtu na mfuko wa nguo, mwezi mmoja tu, wote mnamwita yeye. Selestini, Selestini! Sikujua kama kuna mzazi atapanda."

"Muongo!" Mwanvua alimwelekezea ile ndoano. "Wakati unafunga plagi hukujua, sawa. Wakati unafunga mlango ulijua! Hasna yumo ndani analia, na wewe umemshika mkono. Neno moja tu, Wilfred. 'Shukeni.' Basi! Mbona hukulisema?"

Wilfred aliivuta kofia usoni. "Wangejua ni mimi," alisema.

Iddi aliinuka. Watu walidhani atampiga, hata Dismasi akasogea kuzuia, lakini alisimama tu mbele ya Wilfred. "Uliniambia mwende salama," alisema. "Nikakushukuru."

Pingu zilitoka mikononi mwa Selestini zikaingia mikononi mwa Wilfred saa tano na dakika ishirini. Mwanvua aliugeukia umati. "Na ninyi wa 'arudishwe kwao', mbona kimya? Shangilieni basi!" Mmoja alijifanya anaitwa na simu. Wengine waliangalia viatu vyao.

Selestini alikuwa anasugua vifundo vya mikono, bado juu ya lile tairi, kama hajui kama anaruhusiwa kunyanyuka. Iddi akamwendea. Aliuangalia uvimbe wa shavuni, alioufanya mwenyewe. Akachuchumaa mbele yake.

"Ihangane," alimwambia.