Mzigo wa Mzee Badawi

Mzee Badawi alipanda ngazi, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Ndiyo, yalipungua! Moyo ni punda wa mkokoteni: mpandishe kilima uone kama hatahema. Hata mimi niliyeikimbia shule darasa la nne nalijua hilo, sembuse Nesi Nyevu. Akakishika tena kifundo cha mkono wa mzee, akahesabu upya, akajiambia amekosea.

Uhuru ulikuwa unanukia. Nyevu, binti wa Kigiriama wa Kisauni, alikuwa ameacha wodi ya wazazi kufuata kazi mpya, kuwarudisha kwenye miguu yao watu walioangushwa na moyo. Zamani walilazwa chali majuma mazima kama samaki wa ng'onda juani. Sasa daktari mmoja alitaka watembezwe, uani kwanza, kisha ngazini. Manesi wenzake Nyevu walimcheka.

"Umeacha vitoto vinavyolia, unafuata vizee vinavyokoroma!"

"Chekeni. Wa kwanza akipona, kazi ni yangu."

Wa kwanza ndiye huyu Badawi, tajiri wa nguo, Likoni.

Siku moja adhuhuri walikuwa wameshuka uani, jua limesimama utosini. Ghafla Nyevu alisikia harufu ya nywele zinazoungua. Mzee akasimama, mkono kifuani.

"Mwanangu," alinong'ona, "humu ndani pana gunia. Nalo lapumua."

Sasa sikilizeni kosa la msichana huyu, maana ni kosa la adabu. Pwani ukimkuta mkubwa wako ameelemewa, huulizi amebeba nini, wampokea tu. Nyevu alicheka, akanyoosha mikono.

"Lete nikupokee, baba."

Mzee alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku wa sikukuu.

"Haya. Pokea."

Upepo ukakatika, kunguru wakanyamaza juu ya paa, na Nyevu akahisi kitu chenye joto kikimpanda mikononi polepole, kikipita mabegani kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango, kikaupata, kikaingia, kikakaa kifuani mwake na kuanza kuvuta pumzi wakati yeye anapotoa, na kutoa wakati yeye anapovuta, hata asijue ipi ni yake.

Juma lile Badawi alipanda ngazi akiimba. Daktari akampa Nyevu mkono. "Kazi ni yako!" Kazi gani, jamani? Nyevu hakuweza kutembea toka kitandani hadi mlangoni.

Alipelekwa kwa Maalim Mahfudh, mganguzi asiyeshindwa na jini. Alisoma, akafukiza, akatega sikio kwenye mgongo wa Nyevu. Mara akarudi nyuma.

"Lingalikuingia kwa nguvu, ningalilitoa. Hili umelipokea mwenyewe. Halitoki, labda alolitoa alitwae, au mwengine alipokee kwa hiari."

Waliompeleka wakambeba hadi kwa Badawi. Mzee alilia machozi ya kweli, wallahi.

"Mwanangu, nisamehe. Miaka yangu iliyobaki ni michache. Niachie hiyo michache." Akafunga mlango, na komeo akatia.

Nyevu akarudishwa Kisauni kwa mamake, Nyamvula, akamsimulia yote.

"Mama, ukiniona nahema, usiniambie neno. Nipite kama unavyompita mbwa."

"Mwanangu nimpite kama mbwa?"

"Apa."

Nyamvula akaapa. Akawa anaweka uji kizingitini, anaondoka kimya, kanga ameiuma menoni. Lakini ukuta wa udongo hauzuii sauti, na alisikia pumzi mbili mle ndani, moja ikizidi kuwa fupi, nyingine ikizidi kushiba. Akasikia mwanawe akibishana na kitu, akikisihi, akikiita bwana. Na asubuhi moja alisikia pumzi moja tu, nzito, iliyoridhika, ambayo hakuwa ameizaa yeye.

Aliusukuma mlango. Nyevu alikuwa mweupe kama unga wa muhogo, midomo ya zambarau. Alitikisa kichwa: la, mama, la.

Nyamvula alikuwa ameapa kutosema, na hakusema. Alipiga magoti kando ya kitanda, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

Nyevu alijaribu kujiviringisha ukutani. Mikono yake, aliyoikatalia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, ikanyanyuka yenyewe.