Magome ya Darini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Atuganile aliwasha moto jikoni, akachemsha uji wa mdogo wake Meshaki, kisha akafagia majani makavu ya migomba uani. Kazi hizo hakuhitaji kuambiwa. Lakini tangu mvua za masika zilipokatika, alikuwa akiwasha moto huku ameipa dari mgongo. Joto lilipopanda, kitu kilianza kukwaruza kule juu. Krr. Kimya. Krr. Bibi Esnath, aliyewalea, alisema ni panya. Atuganile alijua si panya.

Yalikuwa magome ya mti. Aliyaficha mwenyewe ndani ya gunia, na moshi ulipoyafikia yalizidi kukauka na kujikunja, kama vidole vya mtu anayetafuta kitu cha kushika.

Yote yalianza mwezi wa nne, Meshaki alipokohoa siku mbili mfululizo. Bibi alimtuma Atuganile kwenye kijisitu walikozikwa machifu wa zamani, mahali ambapo hakuna mtu wa kijiji chao cha Masukulu aliyeokota hata kuni. Mti wa dawa ya kifua ulikuwa mmoja tu, na ulisimama humo katikati.

“Gwe mwana, bandua kiasi cha kiganja chako tu,” Bibi alimwambia. “Upande wa macheo. Ukimaliza upake tope, ufunge kwa jani la mgomba.”

Ilikuwa mchana, lakini ndani ya kijisitu ukungu ulikuwa umetanda na mwanga ulikuwa hafifu. Atuganile alibandua kipande cha kwanza. Nyuma yake kijiti kikavunjika, kama kimekanyagwa. Aligeuka, hakuona mtu. Alisubiri. Kijiti kingine kikavunjika, safari hii karibu zaidi. Ndipo alipowaza kwamba akichukua mengi leo, hatatumwa tena humu. Akauzungushia mti panga, akabandua pande zote. Alipomaliza, kiuno cha mti kilikuwa cheupe kama mfupa, na utomvu mwekundu ukichuruzika. Hakupaka tope. Alikimbia.

Bibi alipewa kipande kimoja. Mengine yalikwenda darini.

Hata hivyo kikohozi hakikusikia dawa. Siku ya tatu mbavu za Meshaki zilianza kubonyea kila alipovuta pumzi. Kwa bahati Mzee Twalib alikuwa akipita. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Msasani ya pale Tukuyu, mmoja wa wanunuzi walioanza kufika vijijini biashara ilipofanywa huria. Alinunua mizizi na magome ya dawa. Alimtazama mtoto mara moja tu, akafungua mzigo wake wote na kuuacha uani. Akamfunga Meshaki mgongoni kwa Bibi, akamkalisha Bibi kwenye baiskeli yake, akaisukuma mlima mzima hadi hospitali ya Tukuyu. Daktari alisema ni nimonia. Meshaki alichomwa sindano siku kadhaa, akapona.

“Mimi nauza dawa za miti, mama,” Mzee Twalib alimwambia Bibi aliporudi kuchukua mzigo, “lakini kifua kikibonyea namkimbilia daktari.”

Mwezi wa saba, mti ulianza kupukutisha majani. Kutoka njia ya shule ulionekana wazi, umekonda kati ya miti ya kijani, na pete yake nyeupe kiunoni. Atuganile alianza kupita njia ya mbali.

Kijiji kilisema mengi. Wengine walisema machifu wamekasirika. Wengine walisema ndiyo nafasi ya kufyeka kijisitu chote na kupanda chai. Wengi walisema ni yule mnunuzi, kwani nani mwingine ana haja na magome? Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ambindwile, akaitisha mkutano wa Jumamosi. Ikionekana ni yeye, Mzee Twalib angepigwa marufuku Masukulu na baiskeli yake ingechukuliwa.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Lugano alilitaka darasa la sita liandike insha. Alikuwa amesikia redioni kwamba watu wa nchi nyingi wanabishana: misitu ya matambiko ilindwe au ilimwe, na dawa za asili ziaminiwe kiasi gani. Alitaka kila mwanafunzi atoe maoni yake mwenyewe. Lukasi, mwanafunzi mwenzake, alisema mizimu ikiutaka mti wake ije iandike insha yenyewe, darasa likacheka. Atuganile aliandika, “Kwa maoni yangu,” akaishia hapo. Mwalimu alimrudishia daftari bila alama.

“Nitasubiri,” alisema tu.

Jumamosi watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Mzee Twalib alisimama mbele, mkono juu ya tandiko la baiskeli. Alieleza kwamba hajawahi kuingia kwenye kijisitu kile.

“Basi mti ulijivua wenyewe,” mtu mmoja alisema, na watu wakacheka.

Bibi Esnath aliinuka, akasimulia habari ya hospitali. Akajibiwa kwamba mtu anaweza kuwa mwema kwako na bado akawa mwizi. Mzee Twalib aliinamisha kichwa. Polepole, alianza kuondoa mkono wake kwenye tandiko.

Atuganile alikimbia nyumbani. Alirudi na gunia, akalimwaga mbele ya Mwenyekiti. Magome yalianguka yakikwaruzana, sauti ileile.

“Ni mimi,” alisema. “Mzee Twalib hakuugusa. Niliogopa kurudi mle, nikauzungushia panga.”

Hakuna aliyecheka. Bibi aliokota gome moja, akaliweka juu ya kiganja cha mjukuu wake. Lilikizidi mara tatu.

“Nilikueleza kiasi, sikukueleza sababu,” alisema. “Chakula cha mti hupita kwenye gome. Ukilikata pande zote, umeukaba koo. Mimi nami nina sehemu yangu ya kosa.”

Mzee Ambindwile alimwomba radhi Mzee Twalib mbele ya wote. Mzee Twalib alimgeukia Atuganile. “Mwanangu, wiki hii sikulala,” alisema. “Lakini umesema kabla sijafukuzwa. Nashukuru.”

Mkutano ulikubaliana kijisitu kisifyekwe. Mzee Twalib aliahidi kukataa gome lolote lipitalo kiganja, na baadaye akaleta mbegu za mti ule kutoka Isongole. Darasa la sita liliotesha miche nyuma ya shule, Bibi akija kuwafundisha jinsi ya kubandua na kupaka tope. Kumwagilia ikawa kazi ya Atuganile.

Insha aliimalizia. Mwalimu Lugano aliisoma, akamwita.

“Watu wataendelea kubishana juu ya misitu na dawa, hapa kwetu na huko mbali,” alisema. “Wewe nawe una haki ya kusema unavyofikiri. Ila mtu akitaka maoni yake yaaminiwe, huanza kwa kusema ukweli anaoujua, hata kama unamuumiza mwenyewe. Hukumu uiache hadi ukweli wote uwe mezani.”

Mti ule haukupona. Uliachwa usimame. Atuganile alirudia njia yake ya zamani, na kila alipofika mbele yake alisema kwa sauti ya chini, “Ndaga,” neno la Kinyakyusa la kushukuru na la kumpa mtu pole. Jikoni aliwasha moto akiwa ameielekea dari. Hakukuwa na kitu tena kule juu, lakini joto lilipopanda, bado aliinua uso, akasikiliza.