Lado Yupi?

Kila Jumamosi Santina alimpelekea dada yake chakula cha mchana redioni. Alipita soko la Koboko, akanunua nyanya alizoagizwa na mama, akasikiliza habari za mji, kisha akapanda ngazi hadi kwenye chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani ili kelele za pikipiki zisiingie. Humo ndimo dada huyo, Viktoria, alimofanyia mazoezi ya kazi. Alikuwa mwanafunzi wa mawasiliano na habari katika chuo kikuu kimoja mjini Arua, na likizo hiyo alikuwa amerudi nyumbani kusoma taarifa na matangazo.

Santina alimpenda dada yake hadi kumwigiza. Alijua hata kukohoa kidogo kabla ya kusema, kama yeye. Jambo moja tu lilimshinda: kwa nini mtu aende chuo kikuu kusomea kazi ya kusema, ilhali Koboko nzima husema bila kusomea, tena tangu asubuhi?

Jumamosi moja, alipokuwa akichagua nyanya, muuzaji alimwambia kwamba lori la maharage limepinduka karibu na Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, na utingo wake, Lado, amefariki. Mtoto wa jirani yao aliitwa Lado, naye alikuwa utingo wa lori. Santina hakuuliza zaidi. Aliacha nyanya palepale, akatimua mbio hadi kwa Mama Lado, akapaza sauti uani kwamba Lado amekufa.

"Nani amekuambia?" aliuliza Mjomba Lomoro, kaka yake Mama Lado.

Watu wote uani walimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza watu wazima kunyamaza ili wamsikilize yeye.

"Dereva," akasema. "Dereva aliyemwona kwa macho yake."

Ulikuwa uongo mdogo, lakini ulifanya kazi kubwa. Walipiga simu ya Lado, haikupatikana. Mama Lado alianguka akilia. Majirani wakaanza kufagia ua, vijana wakaenda kuazima turubai. Mjomba Lomoro alimshika Santina mkono wakaelekea redioni, maana kwao msiba usiotangazwa redioni haupati watu. Ndugu wa Omugo na wa Arua wangejuaje?

"Binti yangu, soma sasa hivi," Mjomba Lomoro alimwambia Viktoria. "Lado ya dada yangu amekufa Oraba. Watu iko mbali, watafute gari mapema."

Viktoria alimpa kiti na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, Mjomba. Nitasoma. Lakini kwanza, nani amemwona Lado?"

"Dereva ameona, ameambia Santina. Mama yake iko nalia, na wewe nauliza maneno ya polisi?"

"Nauliza kwa sababu ya huyo mama. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa Lado. Barabara ya Oraba ina malori mengi, na kina Lado ni wengi. Huyu ni Lado yupi, mwana wa nani? Nipe muda kidogo."

"Chuo imekupa moyo ya jiwe," alisema mzee kwa uchungu. "Tulikubeba mgongoni, leo unatuambia tungoje." Akatoka huku akitafuta namba za ndugu kwenye simu yake, awaite mwenyewe.

Santina aliona haya kwa ajili ya dada yake.

"Huyo ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli," Viktoria alisema polepole. "Unadhani napenda kumkatalia? Mwaka wa kwanza mhadhiri alitutuma soko la Arua kuandika habari za moto uliounguza vibanda. Nilileta ukurasa mzima. Aliniuliza swali moja tu: nani aliona? Alinirudisha sokoni mpaka nikampata mama aliyekuwepo, na habari yangu yote ikageuka." Akamtazama Santina. "Wewe ulizungumza na huyo dereva. Anaitwa nani?"

Santina alikohoa kidogo. Machozi ndiyo yaliyotangulia.

"Hakuna dereva," akasema mwishowe. "Nilisikia kwa muuza nyanya. Naye alisikia tu."

Alingoja karipio. Viktoria alikuwa ameshachukua simu. "Asante kwa kusema kweli," alisema. "Sasa nenda ukamwambie Mama Lado hivyohivyo."

Kwenda kulikuwa kugumu kuliko kukimbia kwa asubuhi ile. Santina alipita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Mama Lado, akasema yote. Kina mama walisonya. Wengine waliacha kulia, wengine wakaendelea, maana hakuna aliyejua tena ni lipi la kufanya. Mama Lado aliomba tu redio iongezwe sauti. Mjomba Lomoro alikuwa bado amebandika simu sikioni, akiwaita ndugu.

Wakati wa matangazo ulipofika, sauti ya Viktoria ilisikika, tulivu na safi.

"Nimempigia Mjomba Lomoro mara nyingi, lakini simu yake inatumika muda wote. Kwa hiyo, Mama Lado, dada yake Lomoro, kama unanisikia, kuna mtu anataka kukusalimu. Bwana Obitre, wakala wa forodha wa Oraba, amemtafuta mtu huyo kwenye foleni ya malori hadi akampata."

Kisha ikaja sauti nyingine, yenye mikwaruzo ya simu.

"Mama, ni mimi. Chaji ya simu imeisha tu. Mimi iko Oraba, nangoja forodha. Lado ya lori ya maharage ni ingine, wa Kaya, ng'ambo ya mpaka. Amevunjika mguu, iko hospitali ya Koboko. Hakufa. Usilie, mama."

Ua mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mjomba Lomoro alikata simu, akakaa chini, akafunika uso kwa viganja. Kisha akaanza upya kuwapigia wale wote aliowaita, sasa akiwaomba wasije.

Jioni Viktoria alipofika, mzee alisimama kumlaki. "Binti yangu, nilikutukana, na wewe ulikuwa unanitunzia mtoto," alisema. Santina hakuwahi kujivunia dada yake kama saa ile. Alielewa sasa kile dada yake alichokwenda kusomea Arua.

Mama Lado alimvuta Santina karibu. Wengi walidhani atamchapa.

"Mtoto, wewe uliongeza neno moja tu, na mimi nikamzika Lado yangu," alimwambia. "Dada yako hakuongeza kitu. Aliuliza nani ameona, akangoja. Kama hujui, sema hujui. Hapana aibu."

"Nimekosa, Mama. Nisamehe."

"Nimesamehe. Lakini huyo Lado ingine naye iko na mama, na sijui kama mtu amemwambia. Kesho tunakwenda wote hospitali, na wewe ndiye utamuuliza jina ya mama yake."