Mwalimu Asiye na Buku

Mtaani Katuba, siku ilianza kwenye bomba la maji. Ukichelewa, unapanga foleni na jua. Kwa hiyo Nkandu alitoka mapema, ndoo mkononi, tumbo mbele.

"Hiyo tumbo iko na mutoto mumoja, ao iko na darasa nzima?" akauliza Mama Régine.

Wanawake wakacheka. Nkandu naye akacheka, ingawa alikuwa ameshika kiuno.

"Baba yake iko mwalimu, yaya. Labda amewapanga tayari mistari mistari," akajibu, akimwita yaya, dada mkubwa.

Mama Régine akamjazia ndoo, akambebea hadi mlangoni. Alikuwa jirani yake, mwanamke wa Kasai, na alifundisha kushona katika foaye, nyumba ambamo wanawake wa mtaa walijifunza kazi za mikono. Mume wake, Donat, alikuwa karani katika ofisi ya ukaguzi wa kazi. Mama Régine hakujua kubembeleza. Alisema jambo kama lilivyo, kisha akaenda zake.

Nkandu na mumewe, Mukuka, walikuwa wageni mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Walitoka ng'ambo ya ziwa Mweru, upande wa Rhodesia. Mukuka alijua Kiingereza na hesabu, na Bwana Gérard alimtaka kwa shule yake, karibu na mtaa wa Bel-Air. Shule hiyo haikuwa ya misheni wala ya serikali. Ilikuwa mali yake mwenyewe, na yeye ndiye direkta, mkuu wake. Wafanyabiashara walilipa ili watoto wao wajifunze Kiingereza. Walimu wake wote walitoka mbali. Watu walidhani anapenda wageni. Kweli aliwapenda: mgeni hana mjomba wa kumkimbilia.

Siku ya kwanza Bwana Gérard alimwambia Mukuka, "Mwalimu, nipe buku yako. Nitaitunza ndani ya sanduku ya chuma."

Buku ni kitabu cha kumtambulisha mtu. Zamani zile za Wabelgiji, kila mtu mweusi mjini alitakiwa kutembea nayo. Polisi wakikukuta huna, unalala ndani. Mgeni aliweza hata kurudishwa kwao. Lakini Mukuka aliitoa kwa mikono miwili, kisha akapiga makofi polepole, kama mtu anayemshukuru mkubwa.

Msimcheke. Kwao, mtu akifika kwa mtumbwi kwenye pwani ya wengine, humkabidhi mwenye pwani kafi lake. Mwenye pwani huliweka ndani ya nyumba yake. Maana yake: huyu ni mgeni wangu, asiguswe. Siku ya kuondoka, mwenyeji hulirudisha mwenyewe bila kuulizwa. Mgeni hadai kafi. Kulidai ni kumwambia mwenyeji kuwa ni mwizi.

Badala ya buku, Bwana Gérard alimpa kikaratasi chenye muhuri wa shule. Kila Jumatatu alikibadilisha. Polisi waliheshimu ule muhuri. Mukuka akaona amepokelewa vizuri.

Siku moja Mukuka alirudi nyumbani kabla ya saa ya kutoka kazini. Aliketi bila kuvua viatu.

"Tunahama Jumamosi," akasema.

"Wapi?"

"Ku shamba ya direkta, njia ya Kasenga. Anafungua masomo ya batoto ba kule. Asubuhi nitafundisha. Kisha nitasimamia bantu ba mahindi."

"Wewe ni mwalimu ao kapita wa shamba?"

Nkandu akaacha kuchagua maharage.

"Kule iko hospitali?"

Mukuka akatazama viatu vyake. "Hakuna."

Mimba mbili za kwanza za Nkandu ziliishia katika damu. Ya pili nusura imchukue na yeye. Safari hii daktari alimwonya asikae mbali na hospitali. Damu ikianza, alisema, muda ni mfupi. Mukuka alikuwapo aliposema hivyo.

"Ulimwelezea?" akauliza Nkandu.

"Nilimwelezea. Akasema banamuke bote banazaa."

"Basi acha kazi yake. Tafuta ingine."

"Bila buku? Nani ataniandika? Hata ku stesheni siwezi kufika. Na amesema nikikataa, atawaambia polisi niko mutoro."

"Muombe buku yako, Ba Mukuka."

"Nkandu." Sauti yake ilishuka. "Kafi haiombwi."

Nkandu akarudi kwenye maharage. Aliyachagua vibaya. Mawe yalibaki, mazuri yakaanguka chini.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Mama Régine. Alimkuta akipiga pasi ya makaa. Nkandu alieleza yote: shamba, lori la kuwahamisha Jumamosi, buku na kafi. Mama Régine hakusimamisha pasi.

"Kontra yake, alitia saini wapi?" akauliza, akimaanisha mkataba wa kazi.

"Ku ofisi ya kazi."

"Muzuri. Sikiliza sasa, sitarudia. Buku si ya direkta. Ni ya muntu mwenye jina ndani. Patron, mwenye kutoa kazi, anaweza kuitazama, anaandika kile sheria inamwambia aandike, kisha anairudisha. Kuikalia ni kosa. Tena, kontra inasema masomo iko wapi na kazi ni gani. Hawezi kuamka tu na kumugeuza mwalimu kuwa kapita, wala kumupeleka pori, kama mwenyewe hakukubali. Na kopi ya kontra iko ku ofisi. Direkta hawezi kuila."

"Anasema polisi itamurudisha kwetu."

"Lazima aseme vile. Muntu mwenye kufunga mbuzi anaiambia kamba ni ya kuilinda."

"Yaya, Ba Mukuka hatamuomba. Ataona ni kutukana muntu mwenye alimupokea."

Mama Régine akageuza shati. "Huko kwenu, mwenye pwani anakamata kafi ili mugeni afanye nini?"

"Ili akae salama. Siku yake ikifika, aende."

"Na huyu wenu?"

Nkandu alikuwa na jibu, lakini lilikuwa la kumwambia mumewe.

Siku hiyohiyo wanawake hao wawili walikwenda mjini, kwa mkaguzi wa kazi. Mkaguzi alikuwa Mzungu mwembamba, asiye rafiki wa mtu. Hakumpa Nkandu kiti mpaka Donat alipoleta kimoja. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, na akaagiza kontra ya Mukuka itolewe kabatini.

"Mume wako aombe buku yake mwenyewe, na awepo shahidi," alisema. "Akinyimwa, nitajua si kutunza, ni kunyima. Ijumaa asubuhi nitapita kwenye shule ile. Lakini atasema mwenyewe. Siwezi kusema badala yake."

Mukuka aliposikia, alisimama.

"Umenipeleka kwa Bazungu sawa mutoto aliyekojoa mu kitanda?"

"Nimejipeleka mimi. Damu ni yangu." Nkandu alisema bila kupaza sauti. "Ba Mukuka, mwenye pwani anatunza kafi ili uweze kuondoka. Huyu anaishika ili usiondoke. Uliwahi kuona mwenyeji wa namna hiyo?"

Mukuka alitoka nje. Nkandu alimsikia akipasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa.

Alhamisi Mukuka aliomba buku yake. Aliomba ofisini, mbele ya Alexis, mwalimu mwenzake. Bwana Gérard alicheka, akanyoosha mkono. "Nipe ile karatasi yangu kwanza." Mukuka alipotoa kile kikaratasi, direkta alikichana vipande vinne.

"Sasa tembea mahali unataka," alisema.

Mukuka alirudi Katuba kwa kupita kwenye mashamba ya mihogo, mbali na barabara. Suruali yake ilijaa miiba. Nkandu aliitoa mmoja mmoja.

"Kesho sitafika," Mukuka alisema. "Leo nilivuka reli mu giza, lakini asubuhi polisi banasimama pale njia inaikata."

"Utafika. Mimi nitatangulia na kikapu. Ukiona nimekitua chini, simama. Nikikibeba tena, njoo."

"Na hiyo tumbo?"

"Tumbo nayo inataka kujua."

Ijumaa Nkandu alitembea mbele, kikapu kichwani. Mumewe alifuata mbali kidogo, amevaa koti lake la kufundishia. Karibu na reli polisi wawili walikuwa wamesimamisha mwanamume mwenye baiskeli. Nkandu akatua kikapu. Akajifanya kufunga kitenge upya. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Polisi mmoja akamtazama.

"Mama, unatafuta nini?"

"Kupumua tu, baba. Mutoto anapiga ngumi."

"Basi atakuwa polisi," yule akasema, na mwenzake akacheka. Wakamchukua mwenye baiskeli kwenda kivulini. Buku yake haikuwa na muhuri fulani. Nkandu akabeba kikapu. Hakugeuka nyuma. Alisikiliza viatu vya mumewe vikivuka kokoto za reli, na aliposikia viko upande wa pili, ndipo akapumua kweli.

Mkaguzi alikuwa amekwisha kufika. Alisimama uani na Bwana Gérard. Ndani ya darasa watoto waliimba hesabu. Nkandu alibaki kwenye ua wa nje, akishika fito.

"Ni wao waliniomba nitunze," Bwana Gérard alikuwa akisema kwa tabasamu. "Mji uko na wezi. Uwaulize."

Mkaguzi akamgeukia Alexis kwanza. "Buku yako iko wapi?"

Alexis alikuwa na watoto wanne na mama mkwe ndani ya chumba kimoja cha shule. Akatazama chini. "Iko kwa direkta, Bwana. Niko sawa."

Nkandu akahisi fito zinamkata viganja. Kama Mukuka naye angesema yuko sawa, lori lingekuja kesho, na hakuna mtu ambaye angeweza kulirudisha.

Mkaguzi akamgeukia Mukuka. Mikono ya Mukuka ilianza kukutana kifuani, kama inavyokutana mbele ya mkubwa. Ikasimama njiani. Akaishusha.

"Nilimpa mimi mwenyewe," alisema. "Nilidhani amenipokea. Jana nilimuomba, akaninyima. Leo namuomba tena mbele yako. Na shambani sitakwenda. Mimi ni mwalimu wa hapa. Njo vile kontra inasema."

"Huyu ni mugeni, mwenye kuchochea bengine," direkta akasema. "Hakuniomba kitu."

Darasani watoto walikuwa wamefika mwisho wa hesabu yao.

"Aliomba," akasema Alexis. Alikuwa bado anatazama chini. "Nilikuwa pale. Umechana karatasi yake." Kisha akainua uso. "Na mimi nataka yangu."

Mkaguzi hakusema mengi. Alimwambia Bwana Gérard afungue sanduku. Direkta alitafuta ufunguo mfuko huu na mfuko ule, kama mtu aliyeusahau, mpaka mkaguzi akaketi juu ya ngazi kumsubiri. Ufunguo ukapatikana. Buku zikatolewa, kila mwalimu akapokea yake. Mkaguzi akasoma kontra kwa sauti: mahali pa kazi ni Élisabethville, kazi ni kufundisha. Akamwambia direkta kwamba akimfukuza mwalimu kwa sababu ya shauri hili, ataeleza ofisini. Jumamosi lori liliondoka na mbolea tu.

Bwana Gérard hakugeuka mtu mwema. Wiki nyingi hakumjibu Mukuka salamu. Alimpa darasa lenye kelele kuliko yote. Mukuka alifundisha, akaweka buku yake katika mfuko wa ndani wa koti, akahesabu kontra yake iishe.

Siku moja damu ilianza adhuhuri, Nkandu akianika nguo. Mama Régine alimwona ameketi chini, shuka mkononi. Hakupiga kelele. Alisimamisha gari la mkate, akamwambia dereva, "Mikate itangoja." Hospitalini wakamwingiza moja kwa moja. Mukuka alikuja mbio kutoka Bel-Air kwa barabara kubwa, kupitia pale kwenye reli. Polisi wakamsimamisha. Akatoa buku, wakaitazama, wakamwacha aende.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Nkandu alilala siku nyingi, akinywa uji wa Mama Régine bila ruhusa ya kubakiza.

"Daktari anasema nini?" akauliza Mukuka.

"Anasema saa moja ingine, hangekuwa na muntu wa kutibu," Mama Régine akajibu. "Kunywa, Nkandu. Sikuja kukutazama macho."

Kontra ilipokwisha, Mukuka alipata kazi kwenye shule nyingine. Mwalimu mkuu wa huko aliomba buku, akaisoma, akaandika, akairudisha palepale. Mukuka aliipokea kwa mkono mmoja.

Wakaendelea kukaa Katuba. Asubuhi moja, kwenye bomba, Nkandu alimkuta mwanamke asiyemjua. Alikuwa kijana, kitenge chake bado na vumbi la treni. Mtoto wa Nkandu, mgongoni, alivuta kilemba cha mama yake.

"Habari, mama," mgeni akasema. "Naitwa Delphine. Tumefika juzi. Bwana yangu, Jeannot, ameanza kufundisha ku masomo ya Bwana Gérard."

Nkandu alitua ndoo. Hakumkaribisha kwanza, wala hakuuliza walitoka wapi.

"Buku ya bwana yako," akasema, "iko wapi saa hii?"