Mizunguko Miwili Tu

Maji yalikatika kwenye zahanati ya kilimani Jumamosi saa nne asubuhi, na ndani kulikuwa na mama anayejifungua. Ndoo ya akiba ilikuwa nusu.

Mkunga alimpigia simu fundi bomba. Tangi kuu lilikuwa limejaa, kwa hiyo fundi akaamua kwamba bomba limepasuka. Alichukua sururu na vibarua wawili, wakaanza kuchimba kando ya barabara. Shimo la kwanza, bomba zima. La pili, zima. La tatu vilevile.

Binti wa fundi alisimama pembeni. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa domo lake, lakini siku hiyo alinyamaza. Kibarua mmoja alimtania kwamba leo Chiriku kameza jiwe. Hakucheka. Alfajiri alikuwa ameiba spana ya baba yake, akafungua koki kubwa ya mtaa wao wa bondeni mpaka mwisho. Baba huifungua mizunguko miwili tu, na rafiki zake Chiriku walikuwa wakimcheka: binti wa fundi, bomba la kwao linadondosha matone.

Mkunga akapiga tena. Maji yamebaki ya kunawa mara moja. Fundi akainua sururu kuanza shimo la nne.

"Baba, usichimbe," Chiriku alisema. "Koki ya bondeni nimeifungua yote. Ni mimi."

Fundi hakumpiga. Alimpa spana. "Kimbia. Ifunge, bakiza mizunguko miwili. Kisha chukua ndoo, maana bomba likishakauka, maji hayapandi kilima papo hapo."

Mchana, mkunga alitoka nje akifuta mikono, akawakuta fundi na Chiriku mlangoni na ndoo; habari ya koki alikuwa ameshaisikia. "Mficha uchi hazai, mjukuu wangu," alisema. "Ungesema mapema."

"Mabomba yote yameshikana," fundi akaongeza. "Maji ni mvivu, hukimbilia palipo rahisi. Ukiyapanulia njia bondeni, umemnyima wa kilimani, hata kama humwoni. Ile miwili haikuwa ubahili. Ilikuwa fungu letu."

Mtoto alizaliwa salama. Kosa lile liligharimu mashimo matatu, ambayo Chiriku aliyafukia mwenyewe kwa siku mbili. Liligharimu ndoo kumi na nne zilizopandishwa kilima kichwani. Na mama mmoja alilala saa nzima na damu mwilini, akingoja maji ya kuogeshwa.