Aliyesimama Kwenye Ubao

Jioni moja ya mwaka 1996, Uthmani, fundi cherehani aliyehamia Muyinga kutoka Gitega, alikuwa akirudi nyumbani na betri ya gari nyuma ya baiskeli. Alitoka kuichaji kwenye mashine ya kusaga. Saa ya amri ya kutotoka nje ilikaribia, akakanyaga pedali mbiombio.

Cherehani ilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyaya. Ukikanyaga ubao wa mlangoni kwake, kengele inalia ndani na taa inawaka yenyewe. Naye, bila kuinuka, anabonyeza swichi. Mota ya waipa aliyoing'oa kwenye gari bovu inavuta komeo. Majirani walinong'ona kwamba anafuga majini. Yeye alicheka tu. Yote hayo yalitegemea betri ile moja.

Alipoingia uani, kengele ililia.

Grrr... grrr...

Akageuka nyuma. Betri ilikuwa palepale, imefungwa kwa mpira.

Ndani, taa inawaka.

Komeo likasogea taratibu... krrr... mlango ukaachia.

Mkewe, Kadidja, alikuwa amesimama ukumbini, hata kufumba macho hawezi.

"Kuko mgeni," alinong'ona. "Anasema mnajuana Gitega."

"We ndiye umemfungulia?"

"Mi sijagusa kitu."

Harufu ikamfikia. Ndagala, dagaa wakavu wa ziwani.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mwanamke, kitenge kimemfunika uso. Maji yalimdondoka miguuni, tip... tip... na wiki nzima mvua haikunyesha.

Uthmani hakuhitaji kuona uso. Gitega, nyumba ya pili kutoka kwake, alikaa Pétronille, Mkongomani wa Kivu, muuza ndagala. Mwaka mmoja nyuma, jioni kama hii, mvua kubwa inanyesha, risasi zilianza kulia mtaani. Kadidja alikuwa Muyinga kwa mama yake. Kengele ya ubao wake wa Gitega ikalia. Sauti ya mwanamke ikaita kwa hofu, "Uthmani, fungua!" Harufu ya ndagala ilipenya chini ya mlango. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Kubonyeza tu.

Hakubonyeza.

Kengele ililia muda mrefu, kisha ikakatika ghafla. Kulipokucha hakuuliza mtu. Wiki hiyohiyo alihama, naye akamwambia Kadidja kwamba jioni ile hakuna aliyekuja.

"Ulinisikia?" mgeni alinong'ona.

"Nilikusikia."

"Kidole kilikuwa wapi?"

"Kwenye swichi."

Taa ikazimika. Alipowasha kiberiti, kiti kilikuwa kitupu. Kimelowa chepechepe.

Kadidja alimgeukia. "Uliniambia hakuna mtu."

Uthmani akamweleza yote ya jioni ile, na jina la Pétronille.

"Tafuta ndugu zake," alisema Kadidja. "Upige magoti mbele yao."

Asubuhi Uthmani alikwenda sokoni kwa Wakongomani na kuulizia jamaa za Pétronille. Mmoja akashangaa. "Jamaa za nini? Mwenyewe iko Gashoho, anauza ndagala. Mzima kabisa."

Uthmani alilia palepale, mbele za watu. Hajafa! Akapanda baiskeli, akapandisha na kushuka vilima bila kupumzika, hadi akamkuta Pétronille mezani pake, akifukuza nzi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimkaribisha kwa furaha.

"Voisin, jirani yangu! Kadidja ajambo?"

Uthmani akapiga magoti kwenye vumbi. Akaeleza yote: kengele, sauti, kidole. Pétronille alimsikiliza, tabasamu likimtoka polepole usoni.

"Uthmani, inuka. Siku ile mi nilikuwa Mutaho, nilipeleka mzigo. Nililala kule siku tatu. Sikufika kwako."

"Lakini harufu..."

"Nyumba yangu ilivunjwa. Watu walibeba ndagala, kila mtu na chake." Akapunguza sauti. "Jioni ile wengi walikimbia kupitia kwenu. Wengine hatukuwaona tena."

Akamwangalia machoni.

"Yule uliyemfungia, alikuwa nani?"

Uthmani amekuja mbali hivi kuomba msamaha, na wa kumwomba hamjui.

Hakuthubutu kurudi siku ile, alilala msikitini. Kesho yake, dereva mmoja wa baiskeli kutoka Muyinga alimkuta uani pa msikiti.

"We ndiye Uthmani fundi? Bibi yako aliambiwa sokoni uko huku, akanituma. Anasema urudi haraka."

"Kuna nini?"

Dereva alisita, kama mtu asiyeelewa ujumbe alioubeba.

"Anasema mgeni wenu amerudi. Na leo wamekuja wengi."